Foleni ya Sukari ya Mavyaa Wangu

Siku ya kumi na tisa baada ya kujifungua, nilimwambia mume wangu amrudishe mtoto.

"Nimrudishe wapi?"

"Kwa mwenyewe."

Nilisema hivyo hivyo, kama mtu anayerudisha mbuzi ya kukunia nazi aliyoazima kwa jirani.

Wajukuu zangu mnaosoma haya, msinicheke bado. Kucheka kupo mbele.

Ilikuwa 1971, Kikwajuni. Mimi Mize, miaka ishirini na mbili, nina mtoto wa kwanza, mzima, mashavu kama maandazi. Kila aliyekuja kumtazama alisema mashaallah.

Mimi natazama boriti za dari.

Silali. Sili. Mtoto akilia, namsikia kama analia nyumba ya tatu. Moyoni nilikuwa nikijiambia kuwa angepata mama mwengine angesalimika. Hilo sikumwambia mtu.

Mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu Gharib, alikuja kutoka Mangapwani kunihudumia hadi arubaini yangu itimie. Bi Mwanakheir. Maneno yake machache, na yote makali.

Yeye aliona nina pepo. Akafukiza ubani mpaka paka akahama.

"Pepo, sema, unataka nini?"

"Kulala," nikajibu.

Akamgeukia mwanawe. "Pepo gani huyu mvivu?"

Gharib ndiye aliyenipeleka hospitali. Huko kulikuwa na muuguzi, Bi Shemsa. Wote walikuwa wakiuliza habari za mtoto. Yeye alinishika mkono akasema, "Na wewe mwenyewe, hujambo?"

Kisha akangoja jibu.

Nililia mpaka kanga ikarowa.

Daktari akasema haya ni maradhi, yanawapata wazazi wengi, na yana dawa. Akaniandikia vidonge. "Msitarajie kesho. Wiki mbili, tatu, ndipo mtaona."

Bi Shemsa akawavuta pembeni Gharib na mama yake, wakanong'ona kweli kweli. Sikuwa na hamu ya kujua.

Vidonge alivishika Mavyaa, akavifunga kwenye pindo la kanga yake. Kila baada ya magharibi, ukaguzi.

"Fumbua mdomo. Nyanyua ulimi. Haya, meza tena mate."

Askari wa bandarini hawakukagua mizigo vile.

Usiku ule wa kwanza aliniambia na jengine. "Arubaini ikitimia hujambeba huyu mtoto, nnakwenda naye Mangapwani nikamlee mwenyewe."

Linaloniuma mpaka leo ni kwamba nilifarijika.

Kesho yake akaanza foleni.

Siku zile vitu vilikuwa vya shida, foleni kila mahali. Saa kumi alasiri Mavyaa anachukua mkoba wake wa ukili. "Nnakwenda foleni ya sukari." Gharib anakaa kizingitini na mtoto.

Na Mavyaa akishatoka tu, ngoma inaanza nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta na yetu, kwa Bi Mwanapili.

Bi Mwanapili ndiye aliyenifundisha kupiga dumbak, ile ngoma ndogo ya harusini. Kabla sijazaa tulikuwa tukialikwa mimi na yeye, na bibi harusi alikuwa akisahau kuona haya.

Lakini mkono ule haukuwa wake. Mtu alikuwa akipiga ngoma kama anapiga pweza alainike.

"Nani huyo?"

"Mwanafunzi mpya," akasema Gharib. "Ndo anaanza."

Siku ya kwanza nilijifunika mto. Siku ya tatu nikasaga meno. Siku ya nane nikainuka kitandani, nikachukua upawa, nikagonga ukuta mapigo yanavyotakiwa yawe.

Ngoma ikanyamaza. Kisha ikajaribu. Ikakosea.

"Siyo hivyo!" nikapiga kelele.

Mwezi mzima sikuwa nimepaza sauti. Gharib kule mlangoni akaanza kukohoa kikohozi kisichokwisha. Nilipomchungulia, macho yalikuwa mekundu. Vumbi, ati.

Tangu hapo nikawa naingoja saa kumi. Nagonga, ananijibu, anakosea, namtukana kidogo. Wiki ya tatu ya vidonge nililala usingizi wa kweli, nikaamka na njaa.

Alasiri moja mtoto akalia katikati ya mapigo. Nilimpakata bila kufikiri, nikaendelea mgongoni kwake kwa vidole viwili. Akanyamaza, akanikodolea macho.

Na mimi nikamtazama. Ndipo tulipojuana.

Mavyaa aliporudi, mkoba mtupu.

"Foleni gani hiyo," nikamwambia, "siku zote hizi haitoi hata kibiriti?"

"Wewe meza vidonge vyako."

Siku ya arubaini niliamka nikaona mkoba uko mlangoni, umejaa, umefunikwa kanga. Mavyaa kavaa buibui.

Mangapwani!

Nilimnyakua mwanangu nikasimama mlangoni. "Bi Mwanakheir, unisamehe, lakini simtoi! Huyu ni wangu!"

Akanitazama juu mpaka chini.

"Kwani nani kakuomba?"

Akafunua mkoba. Hamna hata nepi. Mna dumbak, ngozi imepasuka katikati.

"Nnakwenda kuitia ngozi mpya nimrejeshee Bi Mwanapili. Nshaitoboa."

Mwanafunzi mpya ndiye huyu!

Kumbe Bi Shemsa aliwaambia nipewe dawa bila kukosa, na muziki nilioupenda nirudishiwe kila siku, ila nisisikilize tu, mikono yangu ifanye kazi. "Angepiga Bi Mwanapili ungelala ukamsikiliza," akasema Mavyaa. "Nikaona nipige mimi, makusudi, vibaya, mpaka ukereke."

"Na Mangapwani?"

"Nilikuwa nalingoja neno hilo ulilolisema sasa hivi." Akapangusa pua kwa ukingo wa buibui, akatoka.

Mpaka anafariki, Mavyaa alishikilia kuwa alikosea makusudi. Baadaye nilimsikia akipiga harusi tatu, pweza yule yule. Sikubishana naye, mtu mzima yule.

Vidonge niliendelea navyo miezi kadhaa. Bi Shemsa alinionya, "Usiache kwa sababu umecheka siku mbili. Atakuachisha daktari." Kwa hivyo msiniulize kilichoniponesha ni kidonge au ngoma. Gharib alisema kidonge, mama yake alisema ngoma, nami nilivitaka vyote.

Yule mwenye mashavu ya maandazi sasa mwenyewe ni babu.

Basi, wajukuu zangu, mkenda kumtazama mzazi, mtoto mtamwona baadaye, hakimbii. Mwulizeni kwanza mama, "Na wewe, hujambo?", na mngoje jibu. Akisema anataka kumrudisha mtoto kwa mwenyewe, hana moyo mbaya, anaumwa. Mpelekeni hospitali siku ile ile.

Na kama hamjui kupiga ngoma, pigeni hivyo hivyo.