Adolphine, Msemaji wa Filamu Bubu

Dada yangu Adolphine ni mkaidi. Nasema hivyo mimi mdogo wake wa tumbo moja, niliyebeba jenereta kwenye piki kila Jumamosi kwa miaka tisa, kutoka mji wetu wa Baraka hadi kambi ya Lusenda. Huko, katika ukumbi wa mabati, alikuwa akionyesha filamu bubu za Hollywood, zile za mwanzo kabisa, ambamo watu wanafungua midomo na hakuna kinachosikika. Sauti aliwapa yeye. Alisimama kando ya shuka jeupe akasema badala ya mume, mke, askari na hata mbwa, na wakimbizi wa Burundi wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Kabla ya filamu alisimulia maisha ya waliocheza humo. Aliyatoa kwenye kitabu kinene cha Kifaransa alichoachiwa na sista mmoja wa parokia. Alieleza kwamba mwanzoni hata majina yao hayakuandikwa. Kwamba wengine waliruka kwenye mapaa wenyewe, wakavunjika mifupa na kurudi kazini. Kwamba taa za kupigia picha ziliwachoma macho yakavimba. Halafu filamu za sauti zikaja, na wengine wakakosa kazi kwa sababu matamshi yao hayakuwapendeza wenye studio. Hapo dada alikuwa akikasirika kana kwamba waliofukuzwa ni shangazi zetu.

Ugomvi na watazamaji ulizuka siku ya kwanza. Alionyesha jambazi mwenye masharubu akasema, "Acteur huyu alikufa masikini." Ukumbi mzima ukampigia kelele. Kwetu huku acteur ni mmoja tu katika filamu, yule anayeshinda na asiyekufa hata filamu iishe. Wengine wote ni babandi, yaani majambazi.

"Mama, unatudanganya," alisema Léoncie, mama wa Kirundi anayeongoza kwaya kambini. "Ule iko bandi. Na acteur hakufake."

"Kitabu kinasema kila mwenye anacheza ni acteur," dada alijibu.

"Basi kitabu haikuangalia filme."

Alibishana nao wiki nyingi, akashindwa, na kwa hasira akalipiga marufuku neno acteur. Hata mimi, nikilitaja nyumbani, nilikatwa jicho.

Mwaka jana akaota uvimbe kooni. Alipasuliwa, uvimbe ukatoka, na sauti ikaenda nao. Kilichobaki ni pumzi tu. Mimi nililia sana. Yeye alichukua daftari akaandika: "Jumamosi tunaenda." Nikadhani bado amelewa dawa za usingizi.

Hatukwenda. Siku chache baadaye Ndayisenga, msimamizi wa ukumbi, alikuja mwenyewe nyumbani. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia mapajani.

"Pole, Mama Adolphine. Eloge iko naomba Jumamosi yako, aonyeshe filme za karate. Mi nitakungojea Jumamosi mbili. Ya tatu, kama hauko, ninamupatia."

Eloge ni kijana wa mjini mwenye spika mbili kubwa na maneno mengi. Dada hakulia. Alifungua kitabu kwenye picha za nyuso, akasimama mbele ya kioo, akaanza kushangaa, kuogopa, kudanganya, tangu asubuhi mpaka ugali unapoa mezani.

"Yaya, batakuseka," nilimwambia dada, nikihofu kicheko cha ukumbi.

Akaandika: "Hawa walicheza bila sauti. Mimi nashindwa nini?"

Jumamosi ya tatu tulifika Lusenda. Eloge alikuwa tayari mlangoni, amekalia spika yake. Nikawasha jenereta. Filamu ilikuwa ile wanayoipenda, ya mwanamke aliyemficha mumewe sandukuni, askari wakimtafuta. Dada akavuta kreti ya bia, akaikalia kama ndiyo sanduku, akawa yule mwanamke: mabega juu, macho huku na huku.

Hakuna aliyecheka. Nyuma mtu akauliza, "Sauti iko wapi?" Dada hakugeuka, lakini niliona jasho linamtoka. Niliona aibu kwa niaba yake, nikashika swichi nizime.

Ndipo askari kwenye shuka akafungua mdomo, na Léoncie, kutoka mstari wa pili, akasema kwa sauti nzito yale yale ambayo dada alikuwa akimsemea askari huyo tangu zamani.

"Mama, mu sanduku muko nini?"

Dada akatikisa kichwa, akakumbatia kreti. Ukumbi wote ukamjibia:

"Muko mihogo tu, chef!"

Mihogo hiyo haimo katika filamu. Dada aliitia mwenyewe miaka tisa iliyopita. Kuanzia hapo walisema kila kitu, mke, mume, mbwa, naye akawachezea kwa uso na mikono mpaka mwisho.

Eloge akasimama, akainua spika moja. "Papa Ndayisenga, sasa mi naanza lini?"

Kabla Ndayisenga hajajibu, Léoncie alimnyooshea dada kidole.

"Eloge, kaa chini. Acteur ni ule pale. Na acteur hakufake."

Ndayisenga akavaa kofia yake, akatuaga hadi Jumamosi ijayo. Nilimtazama dada, nikisubiri anikate jicho kwa ajili ya neno lile. Alikuwa amekalia kreti, machozi yanamtiririka, akiitikia kwa kichwa.