Jina Juu ya Kadi

Chumba cha kujalidi vitabu kilikuwa nyuma kabisa ya maktaba ya chuo, ukishapita choo cha wafanyakazi. Meza moja, mashine ya kukatia karatasi, kopo la gundi, sindano nne. Humo alikaa Mzee Gundi miaka thelathini na mmoja, akishona vitabu vilivyoachia migongo. Shule hakwenda. Vitabu alivijua kwa uzito, kwa harufu, na kwa pale vinapopenda kuchanika.

Mkewe alikaa mbele, kwenye meza ya walimu. Chuo kizima kilimwita Mama Kadi. Mwalimu akitaka kufundisha jambo, anakwenda kwake.

"Mama, wiki ijayo nina magonjwa ya mahindi. Nisaidie."

Kesho yake anapewa kadi: kitabu gani, rafu gani, ukurasa wa ngapi mpaka wa ngapi, wanafunzi waanzie wapi. Mwalimu anaingia darasani kifua mbele, mtu akimwona anadhani amekesha.

"Wengine hata kitabu chenyewe hawajakigusa," Mama Kadi alimwambia mumewe wakinywa chai. "Nawatafunia, wao wanameza."

"Na wewe unashiba nini?"

"Wakisema ahsante, nashiba."

"Ndiyo maana umekonda."

Alicheka mpaka chai ikampalia.

Maktaba ile ilikuwa na utaratibu wake. Juu ya kila kadi hupigwa muhuri wa jina la mwalimu aliyeiomba. Aliyehangaika kuitafuta haandikwi popote. Ilikuwa hivyo tangu zamani, kadi ikiokotwa ijulikane irudishwe kwa nani. Hakuna aliyeona ubaya.

Aliyeomba kuliko wote alikuwa mwalimu wa kilimo, mtu wa miwani na maneno matamu, waliyemwita Daktari. Miaka kumi na minane aliomba. Kadi alizokwisha kutumia alizirudisha, zikajaa masanduku, maktaba ikakosa nafasi, Mama Kadi akawa anazipeleka nyumbani. Vidole vilipoanza kumwuma, mumewe akamsaidia. Alikata kadi kutoka kwenye mabaki ya majalada, jioni akakaa naye mezani akipiga muhuri.

"Katikati, mume wangu. Usipindishe jina la watu."

Naye hakulipindisha. Jina la Daktari, kadi elfu na zaidi, alilipiga kwa mkono wake.

Siku moja Daktari alisimama mlangoni kwao, mkono kifuani. "Mama, kadi hizi zitakuwa kitabu. Kitawaongoza walimu wote wa kilimo. Na jina lako litakaa kando ya langu. Nakuahidi mbele ya Mzee hapa."

Mama Kadi aliinamisha uso kama msichana. Wiki ile yote aliimba jikoni.

Halafu akaugua. Miezi mitatu tu, akaenda.

Siku ya nne baada ya mazishi Daktari alifika. Alikaa, akalia. Machozi yalikuwa ya kweli, Mzee Gundi aliyaona. Alipomaliza kulia akasema, "Mzee, nipe masanduku nimalizie kazi yake."

Mzee Gundi aliyabeba mwenyewe mpaka kwenye gari. Yote sita. Alirudi mara ya mwisho kutazama chini ya kitanda, isije ikabaki hata kadi moja.

Kitabu kilitoka mwaka uliofuata. Nakala hamsini zililetwa chumbani kwake zitiwe majalada magumu, ziende ofisi za walimu. Alinawa mikono kwanza, kisha akafungua moja.

Kusoma hakujua, ila jina la mkewe alilijua kwa sura. Lilikuwa kwenye mwavuli wake. Lilikuwa kwenye cheti cha hospitali. Lilikuwa kaburini. Alilitafuta kwa kidole, mstari kwa mstari, toka jalada hadi jalada. Siku ya pili akaanza upya kutokea nyuma.

Siku ya tatu akakipeleka kwa Msimamizi wa maktaba. Msimamizi alikuja pale akiwa binti wa mafunzo, hajui rafu wala daftari. Mama Kadi ndiye aliyemfundisha, na kwenye sahani ya Mama Kadi ndiko alikokula miezi ile ya kwanza. Aliwaita Mama na Baba, nao wakamwita mwanangu.

"Mwanangu, nisomee palipoandikwa shukrani."

"Baba, si ungekaa kwanza?"

"Nimesimama vizuri."

Akasoma. Daktari alimshukuru mkuu wa chuo. Alimshukuru mkewe kwa uvumilivu. Alimshukuru mpiga chapa, na dereva wake kwa safari ndefu. Alishukuru maktaba.

"Endelea."

"Imeishia hapo, Baba."

"Dereva yumo?"

"Yumo."

"Mama yako hayumo."

Msimamizi alikifunga kitabu. Alikigeuza, akakigeuza tena. "Wachapaji waliuliza kadi ni za nani. Wakataka barua ya maktaba."

"Ukawaambiaje?"

"Kadi zote zina jina la Daktari, Baba. Kila moja. Hakuna palipoandikwa Mama."

"Mimi ndiye niliyepiga muhuri ule. Wewe ulikuwa unakuja kula pale mezani, unanikuta napiga. Nani alikuwa anaandika?"

Msimamizi alikiweka kitabu mezani.

"Barua alisaini nani?"

"Mimi," alisema akitazama chini. "Cheo nilikuwa nimekipata juzi tu. Daktari yumo kwenye kamati ya vyeo. Ningefanyaje?"

Mzee Gundi alichukua kitabu chake akarudi nyuma. Roho ilimwuma kuliko siku ya mazishi. Siku ya mazishi alijua amenyang'anywa na nani, na Mungu hashitakiwi.

Mara tatu alikwenda ofisini kwa Daktari. Mara tatu aliambiwa yuko mkutanoni. Mara ya tatu alimsikia akikohoa ndani.

Akatia majalada. Kazi ni kazi. Nakala hamsini zikaenda kwa walimu.

Muhula ulipoanza, mambo yakaharibika. Mwalimu mmoja, akifuata kitabu cha Daktari, aliwatuma wanafunzi sitini maktaba wakasome kurasa ambazo hazimo kwenye kitabu walichoelekezwa. Mwingine alituma darasa kwenye kitabu kingine cha rafuni, sura ya kunyunyizia dawa, wakakuta kurasa zimeshonwa nyuma mbele, vipimo vya dawa moja vimeangukia kwenye jina la nyingine. Walimu wakaanza kunong'ona. Mmoja alisema kitabu cha Daktari kingefaa kufungia maandazi.

Hapo Daktari akakumbuka njia ya chumba cha nyuma.

"Shikamoo, Mzee wangu."

"Marahaba."

"Mzee, nina swali dogo. Kuna kadi Mama alizichorea kiduara pembeni, kwa penseli. Zipo kama mia mbili. Mimi nilifahamu kwamba hizo ndizo muhimu, nikaziweka za kwanza kila sura. Kumbe..."

Mzee Gundi aliweka sindano chini. Kiduara alikijua vizuri, maana kilitoka kwake. Kitabu kikija kushonwa, akikuta kurasa zimepungua au zimepangwa vibaya, alimwambia mkewe, naye akachora duara: hiki wasipewe watu. Kadi hizo hakumpa mwalimu yeyote. Zilibaki nyumbani, zikisubiri kitabu kipone. Vingine vilipona baadaye, vingine havikupona, duara halikufutwa. Ni vipi viko salama, alijua mkewe, na alijua yeye.

"Uliziweka za kwanza," Mzee Gundi alisema.

"Nilikosea, ni ubinadamu. Tukae siku mbili, unitajie kimoja kimoja. Chapa ya pili jina la Mama litakuwemo. Nakuahidi."

"Ahadi hiyo ninayo. Mpya sihitaji."

"Mzee, usiweke kinyongo. Wanaoumia ni wanafunzi."

Neno hilo lilimpata. Wanafunzi walikuwa hawajamkosea kitu, na Mama Kadi angekuwepo angekuwa ameshavaa miwani. Alitazama gundi ikiganda kwenye brashi.

"Mwambie aliyesaini barua aandike nyingine," alisema. "Aseme kadi zile alitengeneza nani. Chuo kizima kisome. Siku hiyo nitakaa na wewe, si siku mbili, hata mwezi."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Barua ya namna hiyo itanivunjia heshima."

"Basi nenda, bwana. Nina kazi."

Tangu hapo, mwalimu akiona mambo hayaeleweki, huingia mwenyewe chumba cha nyuma na kitabu mkononi. Mzee Gundi hukipima mkononi, hukifungua palipo na kovu, kisha humchukua mwalimu hadi rafuni na kumpa kilicho kizima. "Mke wangu alisema wanafunzi waanzie hapa," humwambia. Mwalimu mmoja, kitabu kimoja. Haandiki, na haruhusu mtu aandike.

Jana alikuja Msimamizi, daftari kubwa kwapani. Alisimama mlangoni, kalamu mkononi.

"Baba, ofisi imenituma. Unitajie tu, mimi ninakili. Walimu wanapata shida."

"Barua umeandika?"

"Baba, nina watoto."

"Nawajua. Mama yako aliwabeba."

Msimamizi alilengwa na machozi. Hakuondoka. Mzee Gundi alivuta kiti cha pili, akakipangusa vumbi kwa kiganja.

"Ukitaka kujifunza kwa mikono, kaa, kama ulivyokaa kwake. Hiyo kalamu iache nje, Msimamizi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa cheo chake. Msimamizi akakitazama kiti. Akaitazama kalamu. Kisha akasikia anaitwa meza ya mbele, akaenda.