Kalibu ya Elva

Kwa Elva Noske, kazi ya kujaza risasi ilikuwa kazi ya heshima. Mumewe Des ndiye aliyelala kwenye mkeka na kupiga shabaha. Elva ndiye aliyekusanya maganda ya shaba, akayapaka mafuta ya sufu ya kondoo aliyoyachemsha mwenyewe, akayasukuma ndani ya kalibu ya chuma ili yarudi kipimo chake. Kwa miaka yote aliyoifanya kazi hiyo, hakuna ganda lake lililomwaibisha mtu.

Mpaka Jumamosi ile. Mbele ya klabu nzima ya shabaha, komeo la bunduki ya Des, lile linaloziba nyuma ya risasi, likakataa kufunga. Akalisukuma, akalipiga kwa kiganja, muda ukamwishia. Alipoinuka, wanaume walikuwa tayari wamemzunguka Elva.

"Shemeji, umebania mafuta," alisema nahodha wa klabu, Lindsay Pohl, mkate wa soseji mkononi. "Au maganda yamechoka. Kama macho hayaoni vizuri siku hizi, sema tu, si aibu."

"Macho yangu yanakuona wewe na kitunguu kidevuni."

Wakacheka, lakini Lindsay hakuacha. Alitangaza kwamba kuanzia Jumamosi ijayo risasi za Des atazijaza yeye. Hivyo tu, kama mtu anayehamisha kiti! Elva akamtazama mumewe amtetee. Des alikuwa anapulizia chai yake.

Nyumbani hakuvua hata kofia. Alikwenda moja kwa moja kwenye banda, akasafisha kalibu, akapaka mafuta mapya, akangoja yakauke vizuri, akasukuma ganda, kisha akalijaribu kwenye bunduki ya Des. Komeo likagoma vilevile. Basi si mafuta, na wala si uchafu. Akawasha mshumaa, akalifukiza ganda mpaka likawa jeusi, akaliingiza kwenye bunduki na kulitoa. Masizi yalikuwa yamefutika sehemu moja tu: begani, pale ganda linapoanza kuwa jembamba. Bega halikusukumwa nyuma ya kutosha. Kalibu ilikuwa haishuki mpaka chini.

Haiwezekani, alijiambia. Kalibu ile ilikuwa na pete inayoizuia isipite kipimo, na pete ilikazwa kwa skrubu ndogo ambayo Elva hajapata kuigusa tangu ainunue. Akavaa miwani. Kichwa cha skrubu kilikuwa kimechubuliwa, kinang'aa. Kuna mtu aliilegeza pete, akaishusha, akaikaza tena, na sasa kalibu ilikuwa inakwama kabla ya kufika chini.

"Des! Nani ameshika kalibu yangu?"

Des alisimama mlangoni. "Lindsay aliiazima, ulipokwenda kwa dada yako. Bunduki yake ina chumba cha risasi kirefu kidogo, akaisogeza pete. Rafiki akikuomba kifaa, utamnyimaje?"

Kweli, huku mashambani Mallee hakuna anayemnyima mwenzake wa klabu. Gari hutoka, mbwa hutoka, na kumbe hata kifaa cha mke hutoka bila mwenyewe kuulizwa.

"Na leo alipokuwa ananisuta mbele ya watu, ulikuwa unajua kuwa ni pete?"

"Nilihisi huenda…"

"Ulihisi! Ukanyamaza?"

"Elva, ni nahodha. Sikutaka kumuumbua mbele za watu."

Kumbe kuna mtu wa kuumbuliwa na mtu wa kulindwa, na Des alishachagua! Kalibu hurekebishwa kwa bisibisi na uvumilivu kidogo, na usiku uleule Elva aliirekebisha. Ule ukimya wa Des ndio uliomchoma roho.

Jumamosi iliyofuata Des alifungua sanduku lake uwanjani. Ndani mlikuwa na maganda matupu, meusi kwa moshi, hata kupanguswa hayakupanguswa. Alipogeuka, Elva alikuwa amelala kwenye mkeka, bunduki ileile ya Des begani.

"Na risasi zangu?" Des aliuliza.

"Rafiki yako si alisema atakujazia? Mwambie tu, safari hii pete yangu asiiguse."

Lindsay akashtuka. "Pete gani, shemeji?"

"Muulize Des. Leo ana nafasi ya kusema, watu wote wapo."

Watu wote walikuwepo kweli, wakingoja. Shingo ya Des ilikuwa nyekundu. "Ni sisi," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Mimi na Lindsay. Maganda ya Elva hayakuwa na kosa."

"Sema kwa nguvu," Elva alisema bila kugeuka, "nyuma hawakusikia."

Akarudia. Elva alitia risasi na kusukuma komeo kwa kidole kimoja. Likafunga.