Verlin Pruitt na Fataki Ndogo

Kabla hajaugua, Verlin Pruitt alikuwa mtu wa kelele. Aliendesha greda la barabara za kaunti maisha yake yote ya kazi, theluji wakati wa baridi na kokoto wakati wa joto, na watu wa bonde letu hapa West Virginia walizoea kusikia sauti yake kabla ya injini. Mkewe Arletta nilimfahamu vizuri kwa sababu tulipika pamoja jikoni mwa shule ya msingi. Yeye alikuwa mpole, na ndiye aliyekuwa na shabaha. Verlin alilenga kwa pupa. Arletta alivuta pumzi, akaitoa nusu, na risasi ikaenda alikoituma. Kila Alhamisi walikwenda klabu ya kulenga shabaha na bastola zao za kipenyo cha arobaini na tano.

Risasi za wote wawili alizijaza Verlin mwenyewe katika chumba cha chini ya nyumba. Hapo tu ndipo alipokuwa kimya. Aliokota maganda yaliyokwisha kupigwa, akayasafisha yakang'aa, akang'oa fataki iliyokufa, ile kofia ndogo ya kitakoni inayogongwa na kuwasha baruti. Akapachika mpya, akatia baruti, akakandamiza kichwa cha risasi juu. Mashine ya kujazia ilikuwa na mpini mrefu, na Verlin aliuvuta kwa upole kama anayekamua mbuzi.

Sasa, maganda ya bastola hiyo tangu zamani yalikuwa na tundu la fataki kubwa. Halafu viwanda vikaanza kutoa mengine yenye tundu dogo. Ukiyatazama kwa juu, ni yale yale. Mpaka uligeuze ganda uone kitako. Verlin aliyachukia hayo madogo kama mtu anavyochukia jiwe ndani ya maharage. Kila alipoyapata aliyatupa kwenye kopo la kahawa, na kopo likijaa alikwenda kulimwaga barazani kwa Orrin Stalnaker.

"Takataka zako hizo!" alipaza sauti kutoka njiani.

"Ahsante, jirani!" Orrin alijibu. "Mungu akuzidishie ujinga niendelee kupata!"

Orrin alikuwa mjane, fundi wa mabomba mstaafu, mwembamba na mwenye kejeli. Yeye alipendelea fataki ndogo. Alisema fataki kazi yake ni kuwasha tu, na kiberiti kidogo huwasha jiko sawa na kikubwa. Klabuni walibishana mpaka kahawa ikapoa.

"Mwanamume mzima unatumia fataki ya kuku," Verlin alimwambia.

"Kuku wangu anapiga katikati. Jogoo wako anapiga wapi?"

Watu walicheka, nao wakarudi nyumbani kila mtu akiona ameshinda.

Kiharusi kilimpata Verlin mezani asubuhi moja ya vuli. Aliomba siagi ya tufaha ya kupaka mkate, na kilichotoka mdomoni hakikuwa maneno. Aliporudi kutoka hospitali mguu ulikuwa unajikokota, mkono wa kulia umelegea, na ulimi umefungwa. Akili ilikuwa timamu. Alielewa kila kitu, na hilo ndilo lililomuumiza. Hospitali walimpa kadi za picha, tufaha, kiti, mbwa, ajifunze kutamka. Alizifagia zote sakafuni kwa mkono wa kushoto.

Akawa hatoki. Mgeni akibisha hodi, Verlin alizima televisheni na kujikokota chumbani. Orrin alikuja na nyama ya paa, Arletta akamwambia mgonjwa amelala. Akaja tena, akaambiwa vile vile, lakini safari hii aliisikia televisheni ikizimwa. Aliweka nyama kwenye ngazi akaondoka.

"Ananikimbia," aliniambia siku moja posta. "Nimebishana naye miaka yote hii, leo hata uso hataki kunionyesha. Basi, na akae."

Theluji ilipoanza kuyeyuka, risasi za Arletta zilikuwa zimekaribia kwisha. Akaamua kujaza mwenyewe. Verlin alishuka naye taratibu, akakaa kwenye kiti, akamwelekeza kwa fimbo: hapa, hapana, hapa. Akikosea, aligonga sakafu. Arletta aliniambia kwamba zilikuwa saa zao nzuri kuliko zote tangu ugonjwa uingie, ijapokuwa alitamani kuivunja ile fimbo.

Tatizo likawa fataki. Mwaka ule fataki kubwa zilipotea madukani. Arletta alivuka mto mpaka Ohio, akarudi mikono mitupu.

"Ndogo zipo," alimwambia mumewe. "Rafu nzima."

Fimbo iligonga sakafu kwa nguvu.

"Haya, haya. Sijasema nimenunua."

Akaendelea na zile kubwa chache zilizobaki. Na siku moja, katikati ya rundo, likajificha ganda moja lenye tundu dogo. Enzi za Verlin lisingepita. Arletta alilichukua akiwa anawaza chakula cha jioni. Mkono wake ulipoliinua, kitako kiligeuka upande wa kiti, na Verlin akakiona.

Alikiona, akafungua mdomo kumwonya. Neno halikuja. Ilitoka sauti tu, kama ya mtu anayekabwa. Arletta alidhani anakohoa. Akauvuta mpini. Fataki kubwa ikasukumwa kwenye tundu lisiloitosha, mpini ukagoma, naye akauegemea kwa uzito wake wote.

Ikalipuka. Pa!

Alikuwa amevaa miwani, ahsante Mungu. Masikio yalimlia, masizi yakamtapakaa shavuni, basi. Alipogeuka acheke, alimkuta mumewe analia, mdomo ungali wazi, bado anahangaika kulisukuma lile neno. Arletta akapiga magoti, akamshika uso.

"Nimepona, Verlin. Nitazame. Nimepona."

Kesho yake, kwa kuwa kubwa zilikuwa zimekaribia kwisha, alikwenda kununua fataki ndogo. Halafu akaenda kwa Orrin kuomba maganda yanayoziingia. Orrin alikuwa na ndoo zake za maganda safi, zimepangwa kibandani. Alimsikiliza mpaka mwisho, mikono mifukoni.

"Maganda nitakupa," alisema. "Ila Verlin aje mwenyewe. Aje asimame hapa, aniambie kwa mdomo wake kwamba ndogo zinafaa."

Arletta, mpole wetu, alimtazama muda mrefu. "Orrin Stalnaker, hujui unaomba nini." Akapanda gari akaondoka bila kuaga.

Alimsimulia mumewe akiwa anagongesha sufuria jikoni. "Mtu wa aina gani yule? Anataka kumdhalilisha mgonjwa! Nyama yake ya paa asiilete tena hapa!" Alipogeuka, Verlin alikuwa amesimama mlangoni, koti amelivaa upande mmoja, mkono wa pili unaning'inia.

"Unakwenda wapi?"

Verlin akanyoosha fimbo kuelekea kwa Orrin.

Arletta alinipigia simu nimsaidie kumshusha kwenye gari, ndiyo maana nilikuwepo. Orrin alitoka barazani huku anatabasamu, kejeli imekwisha kaa tayari mdomoni. Kisha akamwona Verlin anavyotembea. Tabasamu likamtoka. Nadhani alikuwa hajaambiwa hali ilivyo. Alidhani ni kiburi tu.

Verlin akafika mbele yake, akajiegemeza kwenye fimbo, akafungua mdomo.

"N..." Shingo ikasimama mishipa. "N... nd..."

"Acha, Verlin," Orrin akasema haraka. "Acha ndugu yangu. Nilikuwa natania. Chukua ndoo zote."

Verlin akatikisa kichwa kwa hasira. Akainua mkono wa kushoto kumnyamazisha. Tukangoja. Arletta alikuwa ameniminya mkono mpaka unauma. Bata walipita juu, wakalia, wakaenda zao, na sisi bado tunangoja.

"Nd... ndogo," akasema Verlin.

Orrin akafuta macho. "Sawa. Umesema. Inatosha."

Lakini Verlin hakuwa amemaliza. Akavuta pumzi.

"Ndogo... za... ku... kuku."

Kisha Orrin akaangua kicheko, akaketi kwenye ngazi zake akashika mbavu, na Verlin naye akacheka kicheko cha upande mmoja, mate yanamtoka, hajali. Arletta alicheka na kulia kwa pamoja. Mimi pia, sitaficha.

Tangu hapo Orrin akawa anakwenda kwao karibu kila siku. Chini ya nyumba walimwaga maganda mezani, wakayachambua: makubwa huku, madogo kule. Orrin alimkataza Verlin asitumie mkono wa kushoto. "Huo umekwisha soma. Mpeleke shule huyu mvivu." Basi ule mkono wa kulia ukawa unahangaika na ganda moja, linaanguka, linaokotwa, linaanguka tena. Na maneno yakaanza kurudi. Matusi yalitangulia, kisha ubishi. Mambo ya adabu kama "ahsante" na "tafadhali" yalichelewa sana, na Orrin alidai hayakuwahi kuwemo.

Arletta alipiga mashindano ya masika kwa fataki ndogo. Alama zake hazikupanda wala kushuka, zilikuwa zile zile. Orrin akampelekea Verlin karatasi ya shabaha usoni.

"Sema sasa!"

Verlin aliikagua tundu baada ya tundu. "Bahati," akasema.

Yeye mwenyewe hakupiga tena bastola. Mkono haukurudi kiasi hicho, na alipoelewa hivyo alinuna siku kadhaa, akawa hali chakula, Arletta akamwacha anune. Halafu akarudi klabu kukaa tu, karibu na birika la kahawa, akiwakosoa waliosimama kwenye mstari wa kulenga.

Kiangazi hicho klabu ilifanya chakula cha pamoja uwanjani: kuku wa kukaanga, maharage, mkate wa mahindi. Mwenyekiti alimwomba Verlin aombee chakula. Zamani ilikuwa kazi yake, na sala zake zilikuwa ndefu kiasi cha kupoza mchuzi na kuamsha nzi. Watu waliinamisha vichwa kwa wasiwasi. Verlin akasimama, mkono wa Orrin nyuma ya kiwiko chake.

"Bwana," akasema. Akatulia, akatafuta neno. "Ahsante."

Tukangoja tuone kama kuna zaidi.

"Kuleni," akasema, akakaa.