Ndoo ya Mpima Maji

Mpima maji wa gatini ana viatu vyeusi vinavyong'aa, ndiyo maana hashuki kwenye maji. Kila asubuhi, tangu mvua zisukume tope la mto hadi baharini, humtuma mama mmoja mmenya kamba wa baharini, mwenye mtoto mgongoni, amchotee ndoo. Kisha huiacha ndoo juani, akapangusa kipimajoto kwa leso, akapuliza chai, akapangusa tena. Wamenyaji husubiri na mabeseni yao matupu, maana bila neno lake kwamba maji yamepoa, msimu wa kamba haufunguliwi, na usipofunguliwa hakuna kazi wala cha kuinjika jikoni. "Maji bado ya moto," husema kwa upole, kama daktari anayemfariji mgonjwa. "Kamba hawajashuka, jamani. Tuvumilie."

Leo mama ameleta ndoo ya maji ya kahawia, na ndani yake kamba wanarukaruka. Mpima maji akachungulia, akakunja uso. "Shemeji, hawa watanivurugia kipimo." Akawatoa mmoja mmoja kwa ncha za vidole, kama anayetoa nywele kwenye mchuzi, akamwekea mama kiganjani. Mtoto akachungulia begani, akamvuta kamba mmoja sharubu, akacheka. Chai ikanyweka taratibu, ndoo ikiwa juani, kipimajoto kikachomolewa majini.

"Bado," akasema. "Hawajashuka."

"Na hawa je, shemeji?"

"Hao nimenyee vizuri, mke wangu anawapenda."

Mama akaketi, akawamenya. Ndiyo ikawa kazi yake ya kwanza katika msimu ambao haujaanza.