Chipukizi la Mwisho

Asubuhi ile nilitoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka bila kujua ninakokwenda, kama kawaida yangu. Jirani yangu, mama mmoja wa Bukavu, akanisimamisha mlangoni kwake.

"We, unaenda wapi tena?"

"Sijui, mama."

"Njo vile uko siku yote. Basi leo utaenda na mutoto."

Akanipa chipukizi lililofungwa kwa gazeti. Lilikuwa la mwisho. Mmea wenyewe, wa majani yaliyosimama kama panga na ukingo wa njano, aliung'oa uani kwa mama yake siku ya kukimbia vita. Mvua za mwaka huu zimeuozesha. Kabla ya hapo mimi, kwa kutaka kujua, nilikata majani yake vipande nikavichomeka mchangani. Vilishika vizuri, ila watoto wakatoka kijani kitupu. Mama alicheka, kisha akaninunia siku mbili.

"Umutafutie pakavu," alisema. "Huku udongo yote imeoza."

Lilongwe, muuza maua wa kando ya barabara alinielekeza kwenye maabara ya mimea. Dada wa pale alinionyesha rafu za chupa. Ndani ya kila chupa, juu ya uji ulioganda, kulikuwa na vimea vidogo kama punje za mchele. Kipande kimoja, alisema kwa Kichewa, huzaa mamia, tena wasio na ugonjwa. Mimi niliyeacha shule mapema nilitamani kulala palepale.

"Na ukingo wa njano?" nikauliza, nikamsimulia vile vipande vyangu vya majani.

"Huo hupotea mara nyingi, kama ulivyopotea kwako."

Nikalirudisha chipukizi kwenye gazeti.

"Bambo, bwana wangu, simli mwanao!" Akacheka. Kwa mmea huu, alisema, njia ya bibi zetu inashinda chupa: mtenge mtoto na mama yake, akiwa na mizizi yake. Lakini kisu akakipangusa kwa spiriti, jambo ambalo sisi hatukulifanya kamwe, akaondoa palipoanza kuoza, taratibu, kama anayemkata mtoto kucha. Kidonda kikauke kwanza, ndipo nipande.

Jioni nikatafuta chumba cha kupanga Area 23, mtaa wa mjini humo; mama mwenye nyumba alinionyesha kitasa, bomba na choo. Nikauliza dirisha linapata jua saa ngapi.

"Kwani mpangaji ni wewe au huo mmea?"

"Sote wawili."

Nilipokwisha kuliweka chipukizi dirishani, nikampigia jirani yangu.

"Amefika?"

"Amefika, mama. Kidonda kinakauka."

"Na njano yake?"

"Iko."

"Basi usihame mupaka atoe jani mupya."

Nikamwambia sawa, nikatandika mkeka.