Dalali wa Kilindi cha Neva

Wanaopita na mitumbwi ya kukodi siku za Jumamosi humkuta mzee mrefu amesimama mtoni, maji yamemfika magotini, kofia ya majani kichwani, anauza ng'ombe. Ng'ombe hayupo. Wanunuzi hawapo. Upo mto, lipo jabali jeupe ng'ambo, na yupo yeye na fimbo yake ya kuvulia, ananadi kwa sauti ya chini: "Mia nne, mia nne, nani anaongeza, na kumi, yule bwana wa nyuma, na kumi..." Vijana wa mjini hukonyezana. Mama mmoja aliwahi kumuuliza kwa upole kama kuna mtu wake anayejua yuko wapi.

"Mke wangu anajua niliko," alimjibu, akaendelea na mnada wake.

Watu wa Pruett, mji mdogo ulio karibu na mto, hawashangai. Verlin Sisk wanamjua tangu zamani, na mdomo wake wanaujua zaidi.

Enzi zile banda la mnada lilipokuwa hai, hapakuwa na ndama aliyehama zizi katika vilima hivi vya Missouri bila kupita kwanza kinywani mwa Verlin. Kila Jumamosi alipanda kijukwaani, akashika kipaza sauti, na maneno yakamtoka kama mahindi yanayomwagwa kwenye pipa. Vipaza sauti vingine vilifungwa juu ya paa, ili hata waliobaki nje kwenye pikapu zao, wakila soseji, wasipitwe na bei. Na usidhani akishuka kijukwaani alinyamaza. Verlin aliongea mezani, aliongea kanisani hadi mchungaji akakohoa, aliongea usingizini. Ukimya kwake ulikuwa hasara. Dalali akinyamaza, bei inakufa, na yeye aliishi maisha yake yote akiziba kila upenyo kwa maneno.

Neva, mkewe, alikuwa kinyume chake. Maneno yake ya asubuhi nzima yangeenea kwenye kisoda. Baba yake alimwachia fimbo ndefu ya mwanzi, na akamwachia pia ufundi wa kumvua besi, yule samaki wa kahawia mwenye macho mekundu na hasira za bure. Hakumvua kwa minyoo wala kwa dagaa. Alitumia vidude vyepesi vya kutengeneza kwa mkono, vya kizibo na manyoya, vinavyoelea na kujifanya chura au panzi. Kila Jumamosi Verlin alipowasha gari kwenda mnadani, Neva alivaa raba zake kuukuu, akachukua fimbo, akashuka mtoni. Bandani hakukanyaga hata siku moja. Alirudi jioni akinukia maji, ametulia, na Verlin alikuwa akimtazama na kumwonea wivu huo utulivu.

"Leo Neva anapumzisha masikio," alisema Hoyt Ledbetter, muuza pumba na chumvi ya mifugo, na watu wakavunjika mbavu.

Verlin alicheka nao, maana alikuwa mwepesi wa kucheka. Lakini utani ule ulimchoma. Alimpenda mke wake, alimpenda hasa, na miaka yote ya ndoa yao alijiuliza kama kweli Neva anamkimbia. Hakuwahi kumuuliza. Mtu aliyeweza kumuuza fahali kilema kama bwana harusi alishindwa kutoa maneno mawili matatu jikoni kwake.

Akazeeka, akamkabidhi kipaza sauti kijana mmoja, Colby Tharp, aliyetoka chuo cha madalali akiwa bado na bei ya viatu chini ya soli. Jumamosi ya kwanza ya kustaafu, Verlin alikaa jikoni hana la kufanya. Neva alikuwa anafunga kamba za raba.

"Naweza kuja?"

"Kuja wapi?"

"Mtoni. Na wewe."

Neva aliinua uso kutoka kwenye raba. "Kule hakuna kuongea, mzee."

"Nitanyamaza."

"Wewe?"

"Mimi, ndiyo. Kwani mdomo si wangu?"

Neva akacheka mpaka akaacha kamba. "Haya. Lakini kule hufiki ukiwa hujui kitu, ukanifukuzia samaki. Jifunze kwanza. Ukiweza, nitakupeleka."

Hilo *ukiweza* Verlin alilala nalo na kuamka nalo. Hakuwa na haja kubwa na samaki. Alichotaka ni kusimama pale mkewe alipokuwa akisimama miaka yote ile, na kuona kwa macho yake kama pana nafasi ya mtu wa pili.

Wakaanzia malishoni. Hakupewa ndoana, alifungiwa kipande cha uzi mwekundu wa sufu mwishoni mwa mshipi. Katika uvuvi huu chambo hakina uzito wowote, kinachorushwa ni mshipi wenyewe, nao lazima unyooke wote nyuma yako kabla hujauleta mbele. Verlin hakuungoja. Mshipi ulimzonga shingoni, ukamvua kofia, ukamnasa sikio ndama aliyekuja kushangaa.

"Nyuma hakujanyooka, unakimbilia mbele," Neva alisema. "Subira huvuta heri."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Matumbo yako mazima. Rudia."

Hoyt alisimamisha gari kwenye uzio, akateremsha kioo. "Neva! Huyo ndiye mvuvi au ndiye umemvua?"

"Bado sijajua. Nikimtoa maji nitakwambia!"

Mkono ulipoanza kutii, wakahamia bwawa la kunyweshea ng'ombe, ambalo lilikuwa na besi wadogo. Neva alichukua kandambili za zamani za Verlin, zile za buluu alizokataa kuzitupa, akazikata kwa wembe, akazichonga vichwa vya vyura, akavifungia miguu ya manyoya ya mkia wa paa. Verlin alizililia kidogo kandambili zake. Chura wa kwanza alipotua majini, viduara vikaanza kutanuka.

"Sasa usimguse," Neva alinong'ona. "Ngoja viduara viishe vyote, maji yatulie. Besi yuko chini anamtazama. Chura wa kweli akidondoka huzubaa kwanza."

Verlin alingoja kidogo, halafu vidole vikamwasha, akamvuta. Samaki hakuja. Akarusha tena, akavuta tena mapema. Siku besi mmoja alipopanda kwa bahati, Verlin alinyanyua fimbo kwa nguvu zote, chura akampita sikioni akivuma.

"Usinyanyue! Vuta mshipi kwa mkono wa kushoto. Wa kunyanyua ni wale mabwana wa vizibao vya mifuko, wanaovua visamaki vya maji baridi."

Mkono wa kushoto aliuzoea. Kungoja ndiko kulikomshinda. Kile kipande cha muda mtupu, chura ametulia, maji yametulia, hakuna anayesema kitu, kilimtoa jasho kuliko fahali mwenye kichaa. Kiangazi kikasonga, mahindi yakakauka shambani, na Neva hakusema twende. Jumamosi alikwenda peke yake kama zamani, isipokuwa siku hizi alirudi mapema na uso umemkunjika. Verlin akaanza kuamini kwamba mtihani ule uliwekwa ili ashindwe.

Jioni moja, wakila maharage na mkate wa mahindi, akaweka kijiko chini.

"Mama, kama hutaki nije, sema tu. Sitakasirika."

"Nani kasema sitaki?"

"Mbona basi..."

"Jumamosi tunakwenda."

"Lakini sijaweza bado."

"Najua hujaweza," Neva alisema, akamsogezea siagi.

Jumamosi ile walishuka mtoni bado jua likiwa juu. Verlin alinyamaza njia nzima, na shahidi yake Mungu. Wakapita chini ya kinu cha zamani, besi wanarukia panzi waziwazi.

"Hapa mbona wapo?"

"Wapo."

"Sasa si tusimame?"

"Twende."

Wakapita pengine, pazuri zaidi ya pale, Neva hakugeuza hata shingo. Mwishowe wakafika kwenye kilindi kirefu chini ya jabali jeupe. Hapakuwa pabaya, lakini wavuvi walikuwa hawapahangaikii. Hoyt alizoea kusema kwamba kilindi cha Neva hakina samaki wa maana, na hajui huyo mama hufuata nini kule.

Wakaingia majini. Verlin alirusha, na mshipi ukanyooka vizuri, chura akatua karibu na mizizi ya mkuyu. Akavuta mapema. Akarusha tena. Safari hii aliona kivuli kikubwa kikinyanyuka taratibu kumfuata chura, na vidole vikamsaliti tena, na kivuli kikageuka kikaenda zake. Verlin akashusha fimbo.

"Siwezi, mama. Kimya hiki kinanila."

Neva akaja akasimama ubavuni kwake. "Verlin. Uza ng'ombe mmoja."

"Nini?"

"Kimoyomoyo. Mtupe chura, halafu uza ng'ombe mmoja. Polepole, kama ulivyokuwa ukiuza ndama wa wajane. Ukigonga nyundo, ndipo umguse."

Verlin akamtupa chura. Viduara vikaanza kutanuka, naye ndani ya kifua akapanda kijukwaani. *Mia nne, mia nne, mtazameni ndama huyu, mia nne na kumi, yule bwana wa nyuma, na kumi, msimwache jamani, mara ya kwanza, mara ya pili...* Alimwuza kwa raha, bila haraka, na hakukumbuka kwamba alikuwa anangoja. *Kaenda!* Akamtikisa chura kwa kidole kimoja.

Maji yakapasuka. Mkono wa kushoto ukavuta wenyewe, fimbo ikapinda mpaka mpini, na besi akaruka nje akitikisa kichwa kwa hasira zote za ukoo wake. Verlin alipiga ukelele uliofika kinuni, akakumbuka, akauma midomo. Akamshika samaki yule kwa taya la chini. Neva akamchomoa ndoana, wakamwachia, akazama.

Hapo ndipo neno lile lilipomrudia Verlin. Kweli ndama wa wajane alikuwa akiwauza polepole, kusudi wanunuzi wapate muda wa kuona haya na kuongeza bei. Lakini hilo alikuwa hajawahi kumwambia mtu.

"Mama, habari za ndama wa wajane umezijua wapi?"

Neva akaelekeza kidevu jabalini. 

"Mia tano, mia tano, tano na hamsini, mia sita, kaenda!"

Verlin aligeuka kutafuta mtu. Hapakuwa na mtu. Ilikuwa sauti ya Colby Tharp, safi kama amesimama ufukoni. Banda la mnada lilikuwa kule nyuma ya kilima, na mnada wa siku ile ndio kwanza ulikuwa umeanza. Vipaza sauti vya juu ya paa vilirusha sauti, jabali likaidaka na kuidondosha pale kilindini. Kule walikopita, kwenye samaki wengi, sauti hiyo haikufika kamwe.

"Tangu lini?" Verlin aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Tangu mwaka waliofunga vile vipaza sauti. Nilikuwa napita tu. Nikakusikia unamuuza fahali wa Hoyt, unamsifia uongo mtupu. Nikasimama nicheke. Na samaki akala." Akafuta mkono kwenye suruali. "Nikaona kumbe ng'ombe mmoja ndio muda wenyewe. Tangu hapo navua na wewe."

"Na mimi miaka yote nilidhani unanikimbia."

"Nikukimbie niende wapi, Verlin?"

Jabalini Colby akauza mwingine, na mwingine, bila kupumua. Neva akasonya.

"Huyu mtoto hafai, anakimbia kama kaiba. Tangu ustaafu sijapata samaki."

Verlin alilia, palepale majini, na wala hakujificha. Neva alimwacha alie kwanza. Kisha akachukua fimbo mkononi mwake, akarusha, mshipi ukanyooka nyuma, ukanyooka mbele, chura wa buluu akatua bila kishindo.

"Basi usisimame tu hapo kama mti," alisema. "Niuzie."

Akamuuzia. Aliuza ng'ombe jioni ile mpaka koo likakauka, na Jumamosi zote zilizofuata, miaka waliyojaliwa, Verlin akinadi na Neva akingoja, wakipokezana fimbo. Verlin husema hiyo ndiyo minada bora aliyopata kuiendesha, na anayebisha aje wabishane.

Banda lilifungwa baadaye, mabati yake yakauzwa na dalali wa kutoka mbali. Neva amelala nyuma ya kanisa, juu ya kilima. Verlin hushuka mtoni kwa mkongojo siku hizi, lakini akishaingia majini mkongojo huuacha ufukoni. Vyura wa kandambili wamebaki wachache, nao anawatunza kuliko meno yake.

Hurusha kwa fimbo ya mwanzi. Chura hutua, viduara hutanuka kuelekea jabali. Mzee hana haraka. Hunadi polepole, kama anauza ndama wa mjane, mara ya kwanza, mara ya pili, hata kiduara cha mwisho kipotee na maji yatulie kabisa. Kisha, kama dalali yeyote mwaminifu, humtaja mnunuzi.

"Kaenda! Kwa Neva Sisk, kule chini mtoni."